Mapanki ya Picasso

Mwaka jana mdogo wangu anayesoma Nice, Ufaransa, alipanda treni Jumamosi moja akaenda Antibes, mji wa jirani, kutembelea jumba la makumbusho la Picasso. Jioni akanitumia picha kwa WhatsApp, nyingi mno, nyingine za vitu alivyoviona na nyingine za kitabu alichokikuta kwenye duka la mlangoni. Mimi nilikuwa kibarazani kwangu Kirumba, Mwanza, umeme umekatika tangu saa kumi, simu imebaki na chaji ya kubahatisha. Nikawa nazipitia haraka. Michoro, michoro, nyuso zenye macho mawili upande mmoja, mbuzi, michoro tena. Halafu vikaja vyungu, nikakwama hapo hapo. Simu ilizimika nikiwa bado natazama.

Kilichonishika ni chupa moja ya udongo. Mtu ameichukua ikiwa bado mbichi, akaiminya katikati ikawa kiuno, akaikunja kidogo, shingo ya chupa ikawa shingo ya mwanamke na mdomo wa chupa ukawa kichwa. Baada ya hapo ni mistari michache ya brashi: macho, nywele, mikunjo ya gauni. Ukitazama unamwona mwanamke. Ukitazama tena unaona chupa. Macho yanabaki yakienda na kurudi kama mtoto kwenye bembea.

Usiku ule nililala nikimwaza bibi yangu.

Bibi mzaa mama alikuwa mfinyanzi, upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Mtungi wake mmoja ulikaa kwenye kona ya nyumba yetu mpaka nilipomaliza darasa la saba. Ulikuwa umechimbiwa kidogo mchangani ili kitako chake cha mviringo kisiyumbe, juu kuna kifuniko cha mbao na kata. Maji yake yalikuwa baridi hata mwezi wa kumi, jua linapochoma mawe ya Mwanza hadi hewa inatetemeka. Sababu tulikuja kuisoma sekondari: udongo uliochomwa kwenye moto wa wazi una vitundu vidogo sana, maji yanapenya taratibu hadi nje, yanageuka mvuke, na yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Bibi alikuwa na maneno machache kuliko mwalimu wa fizikia. Alisema mtungi unatoka jasho.

Kutoka jasho ni kazi ya mtu. Na ukiendelea kusikiliza jinsi tunavyousema mtungi, mtu huyo anazidi kujitokeza: una mdomo, una shingo, una mabega, una tumbo, una kitako, na ukiwekewa vishikio tunaviita masikio. Tunayasema hayo kila siku bila kumwona anayetajwa. Picasso alimwona. Alichofanya ni kumpaka macho tu, maana mengine yote mfinyanzi alishayaweka. Lugha yetu ina zawadi nyingine pia: chombo ni cha kuwekea maji, na chombo ni cha kusafiria juu ya maji. Kwa mtu aliyekulia ziwani hilo lina uzito. Kimoja hakitakiwi kutoa maji, kingine hakitakiwi kuyaingiza, na vyote viwili hupimwa kwa kuvuja.

Nikaanza kusoma, na nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba habari ya vyungu vile inatuhusu.

Pablo Picasso alizaliwa Málaga, Hispania, mwaka 1881. Kufikia kiangazi cha 1946 alikuwa na miaka 64, dunia nzima ya sanaa inamjua, vita imekwisha, naye yuko pwani ya kusini mwa Ufaransa. Akaenda Vallauris, mji mdogo wa wafinyanzi, kutazama maonyesho yao. Akawakuta Suzanne na Georges Ramié, wenye karakana ya Madoura, akafinyanga vitu vichache vidogo, akaenda zake. Mwaka uliofuata alirudi akavikuta vimechomwa na kutunzwa. Nadhani hilo ndilo lililomfunga. Mtu akikutunzia kitu chako kidogo ulichokifanya kwa mchezo, unarudi. Mwaka 1948 alihamia Vallauris na familia yake, akaishi pale hadi 1955, na kazi ya udongo hakuiacha mpaka uzeeni kabisa. Alifanya vipande zaidi ya elfu tatu. Zaidi ya hapo, kati ya 1947 na 1971 Madoura walitoa nakala za vipande vyake 633, kila kimoja kwa idadi maalumu, ili watu wa kawaida waweze kununua.

Lakini kilichonigusa kuliko Picasso mwenyewe ni Vallauris. Mji ule uliishi kwa vyungu vya kupikia. Kwa vizazi na vizazi wanaume na wanawake wa pale walifinyanga vyungu vya jikoni vikasafirishwa mbali, kisha zikaja sufuria za alumini, nyepesi, hazivunjiki, na biashara ikafa pole pole. Karakana zikafungwa. Picasso alipofika, mji ulikuwa unakaribia kusahau kazi yake.

Nani asiyeijua habari hiyo huku kwetu? Ndoo ya plastiki ilimfukuza mtungi sebuleni, sufuria ikamfukuza chungu jikoni. Leo ukitoka mjini kuelekea Buhongwa au Kisesa utaona udongo bado unauzwa kando ya barabara, ila ni vyungu vya maua na majiko. Sina ubaya na jiko wala ua. Ninachosikitikia ni kwamba mkono uliojua kutengeneza shingo nyembamba ya mtungi, ile shingo inayomeza maji kwa sauti, haupati tena sababu ya kuitengeneza, na mkono usiotumiwa unasahau. Miaka michache iliyopita nilijaribu kumshawishi meneja wa hoteli moja hapa mjini aweke mitungi ya wamama wa Sengerema kwenye ukumbi wake wa chakula. Alinijibu kwamba wageni wataona ni ushamba. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya kuchapishwa ya mtungi.

Sasa nirudi kwa Picasso, maana kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Picasso hakuwa akizungusha gurudumu la mfinyanzi. Aliyezungusha Madoura ni Jules Agard, fundi wa pale. Agard alitoa chupa, jagi, sahani, na maumbo mengine mengi yalikuwa yamebuniwa na Suzanne Ramié. Picasso alivipokea vikiwa vibichi, akavigeuza. Chupa akaipinda ikawa njiwa. Chungu cha kupikia cha Vallauris akakichora nyuso. Hata vigae vya tanuri vilivyovunjika aliviokota akavipaka rangi. Mbuzi wake maarufu wa mwaka 1950 alimuunda kwa vitu vya kuokota: tumbo ni kikapu cha kusukwa, mgongo ni kuti la mti wa jamii ya mnazi, na matiti mawili ni majagi mawili ya udongo. Jagi la maziwa likageuka ziwa lenyewe. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Kikapu na kuti, kwa kweli, nimevitaja kwa sababu vinanifurahisha. Hoja yangu ni yale majagi.

Waswahili wana methali, udongo uwahi ungali maji. Tumeizoea kwenye malezi ya watoto mpaka tumesahau kwamba kwanza ni maelekezo ya kazi. Chupa iliyotoka kwenye gurudumu ina muda mfupi wa kukubali kukunjwa. Ikiwa mbichi mno inaanguka. Ikikauka kidogo tu inapasuka. Agard alimpa Picasso chupa, na tangu hapo saa ilikuwa inakimbia. Ndiyo maana vyombo vile vinaonekana kama vimefanywa kwa pumzi moja. Sikuligundua hilo mwenyewe. Niliambiwa na mwanamke ambaye hajawahi kulisikia jina la Picasso.

Yeye ni mfinyanzi, binti wa rafiki wa bibi, na mimi namwita Mayu, kama tunavyowaita akina mama Usukumani. Siku hizi kumfikia ni rahisi: daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na pale ambapo zamani ulikaa kwenye foleni ya kivuko ukinunua mahindi ya kuchoma mpaka ushibe, sasa unapita kwa dakika chache. Nilifika kwake asubuhi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Umekuja na mvua?"

Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko, kwa hiyo simu niliishika mimi, nikimpitishia picha moja moja. Kwenye ile chupa ya mwanamke alinizuia. Akasogeza uso karibu.

"Huyu alikuwa na haraka," akasema.

"Kwa nini, mayu?"

"Tazama hapa kiunoni. Amebinya mara moja. Angerudia, udongo ungepasuka."

Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile labda mara mia. Sikuwa nimeona alama ya kidole.

Tukaendelea. Likaja jagi lenye umbo la ndege, mkia ndio mkono wa kushikia. Mayu akalitazama kwa makini, akainamisha kichwa upande, akauliza, "Maji yanatokea wapi?"

"Nadhani mdomoni mwa ndege."

"Unadhani." Akarudi kwenye udongo wake. "Chungu hakidhaniwi, mwanangu. Kinamimina au hakimimini."

Swali lile nimeondoka nalo na sijaliacha mpaka leo. Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu vyombo vya Picasso, kwamba ni sanamu, kwamba ni uchoraji uliozunguka, kwamba ni kazi ndogo ukilinganisha na michoro yake mikubwa. Hakuna niliyemkuta ameuliza maji yanatokea wapi. Na mimi naamini uzuri wa vyombo vile uko hapo hapo alipouliza Mayu. Picasso angeweza kufinyanga ndege tu, ndege mzima asiye na tundu. Alikuwa mchongaji, asingeshindwa. Lakini ndege wake wengi ni majagi na mitungi, wana mdomo ulio wazi na tumbo lililo tupu, na utupu ule ndio unaofanya mchezo uwe mchezo. Mtoto akivaa viatu vya baba yake anatufurahisha kwa sababu bado ni mtoto. Chungu kikijifanya ndege kinatufurahisha kwa sababu bado kinaweza kubeba maji. Kikizibwa, kinabaki kinyago cha ndege, nasi tunapita.

Kuna kipande chake cha mwaka 1951 kinaitwa Tripode, chombo cha miguu mitatu, kirefu, chenye uso wa mwanamke na mikono iliyochorwa. Wazungu wanapokiona sijui wanakumbuka nini. Mimi niliona mafiga. Jifya moja haliinjiki chungu, tumelelewa na msemo huo, na hapa kuna chungu kilichochoka kusubiri mafiga, kikaota miguu yake chenyewe, mitatu kamili, kikasimama. Nilimwonyesha Mayu, naye kabla sijasema neno akasema, "Hiki hakitaki jiko." Tukatazamana.

Kwenye bundi tuligombana kidogo. Picasso aliwapenda bundi. Mwaka 1946, akiwa Antibes, alipatikana bundi mdogo aliyeumia mguu. Akamfunga mguu, akamlea, hata aliporudi Paris alikwenda naye. Baada ya hapo bundi walijaa kwenye udongo wake: mitungi yenye macho makubwa, tumbo nene, mabawa ya mistari. Kwangu hao ndio wazuri kuliko vyote, maana bundi kwa umbo lake ni mtungi tayari. Nilimwonyesha Mayu kwa furaha. Akageuza uso.

"Toa hiyo."

"Ni chungu tu, mayu."

"Hicho hakiingii ndani kwangu. Bundi akitua paani tunamfukuza, halafu nimnyweshee watoto maji?"

Nilitaka kumweleza habari ya mguu uliofungwa, nikanyamaza. Baadaye nikiwa njiani nilifikiri kwamba Mayu alikuwa amekipa chombo kile heshima kubwa kuliko mimi. Mimi nilikiona ni umbo la kupendeza. Yeye alikiona ni bundi. Picasso, nadhani, angempenda zaidi Mayu kuliko mimi.

Sasa mapanki.

Msomaji wa mbali, mapanki ni mifupa ya sangara baada ya viwanda kutoa minofu: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyosalia. Minofu inapanda ndege. Mapanki yanabaki, yanakaangwa, yanauzwa, yanalisha watu. Aliyekulia Mwanza anaijua harufu yake kabla hajaijua ya maua.

Mwaka 1957 mpiga picha Mmarekani, David Douglas Duncan, alikuwa nyumbani kwa Picasso huko Cannes wakati wa chakula. Picasso alikula samaki, aina ile bapa, akamsafisha mpaka ukabaki mfupa mtupu kama kitana. Akaunyanyua mfupa, akaenda nao kwenye udongo mbichi, akaukandamiza. Alama ya samaki ikabaki: uti, miiba, yote. Udongo huo wenye alama akaubandika kwenye sahani ya udongo. Picha zipo, unamwona mzee yule akichokonoa miiba kwa meno na vidole kama mtu yeyote wa Mwaloni.

Nilipoziona picha hizo niliondoka siku hiyo hiyo kwenda sokoni Mwaloni kununua samaki. Panki la sangara lilikuwa kubwa mno, uti wake kama gogo, kwa hiyo nikachukua sato wa wastani. Tulimla jioni. Nikaosha mfupa, nikaufunga kwenye gazeti, na wikendi nikavuka nao daraja.

Mayu alinipa donge. Udongo wake anauchimba bondeni, mahali panapojaa maji wakati wa masika, anaukausha, anautwanga, anauloweka, halafu anauchanganya na unga wa vigae. Hilo la vigae nililiuliza mara mbili. Vyungu vilivyovunjika anavitwanga kinuni na kuvirudisha kwenye udongo mpya, kwa sababu udongo mtupu ukikauka unajikunja na kupasuka, na kwenye moto hauvumilii; chenga za kigae zilishapita motoni, hazijikunji tena, zinaushikilia. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, tukimsikitikia kwamba anauza vizuri na kujibakizia kibovu. Sikujua kwamba kigae chenyewe hakitupwi.

Nikatandaza donge juu ya gunia, nikalisawazisha kwa chupa ya soda, nikapanga mfupa wa sato katikati na kuukandamiza kwa viganja viwili. Nilipouinua mwiba mmoja mmoja, samaki alikuwa pale. Nilihisi kitu kifuani ambacho sijakihisi tangu utoto. Mayu alikuja, akatazama, akachukua gunzi la hindi analotumia kupambia mabega ya mitungi, akaliviringisha mara moja pembeni mwa sahani yangu, pakatokea ukingo wa nukta ndogo ndogo kama mawimbi yanayofika mchangani.

"Sasa yuko majini," akasema.

Sahani ile ilipasuka. Tulichoma pamoja na vyungu vyake kumi na kitu, uwanjani, juu ya kuni, nyasi na samadi kavu, hakuna tanuri, moto wa wazi unaochungwa kwa macho na kwa mti mrefu. Mlipuko tuliusikia mapema kabisa, pa, kama hindi kavu. Mayu alijua ni yangu kabla ya kutazama. "Ilikuwa na maji moyoni," alisema. Niliitengeneza nene mno na sikuiacha kivulini siku za kutosha; nje ilikuwa imekauka, ndani bado, na maji yaliyobaki yaligeuka mvuke yakatafuta njia. Nilisimama pale na vipande vya samaki wangu mkononi na nilikuwa na huzuni ya kweli. Mayu akavichukua, akavitupa kwenye beseni lake la vigae.

Ipo habari ndefu nyuma ya beseni lile. Kwenye pango la mwamba la Nyang'oma, karibu na Mwanza, watafiti waliochimba miaka ya 1960 walikuta vigae vya jamii ya Kansyore, vilivyofinyangwa na watu waliovua na kuwinda kuzunguka ziwa hili, kabla ya jembe na kabla ya chuma. Wakaja wahunzi na wakulima wa mwanzo, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na vyungu vyao tunaviita Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Mwaka 1948 Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, na wenzake walipoviandika kwa mara ya kwanza waliviita vyungu vya kishimo, kwa sababu vingi vina kibonyeo katikati ya kitako, kana kwamba mfinyanzi alipomaliza alisukuma kidole chini kwa kuaga. Ni mahali ambapo hakuna mtu atakayepaona chungu kikiwa kimekaa. Napenda sana kwamba mtu alijisumbua.

Na Luzira, kule upande wa Uganda, karibu na Kampala, mwaka 1929 kilichimbuliwa kichwa cha mtu cha udongo pamoja na vipande vya mwili. Kiko British Museum, London. Udongo wa ziwa hili ulishakuwa na uso karne nyingi kabla Picasso hajazaliwa.

Nalisema hili bila chuki, lakini nalisema. Mwaka 1907 Picasso aliingia kwenye makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakuta vinyago vya Afrika, na uchoraji wake ukabadilika. Waliovichonga hawakutajwa jina, na Agard, aliyezungusha zile chupa, hatajwi sana pia. Kwa hiyo ninapomwonyesha Mayu kazi za Picasso sioni kwamba nampelekea ustaarabu kutoka Ulaya. Naona kama mjumbe anayerudisha kitu kilichoazimwa, kikiwa kimezungushwa dunia na kupakwa rangi. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alipitia njia hiyo kwa upande mwingine: alikwenda Uingereza kusoma, na mwaka 1974 akaenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi wanawake, Ladi Kwali akiwemo. Vyombo vyake leo viko kwenye makumbusho makubwa duniani. Anavipandisha kwa mkono bila gurudumu, anavisugua mpaka ving'ae, vina matumbo na shingo na mabega yaliyoinuliwa kama ya mwanamke anayejiandaa kusema jambo. Nilimwonyesha Mayu picha ya chombo chake kimoja, kile chenye shingo ndefu nyeusi. Hakuuliza maji yanatokea wapi. Alisema, "Huyu amefundishwa," akataka kuitazama tena.

Kuna wanaoniambia kwamba mama wa kijijini mwenye wateja wachache hana nafasi ya kucheza, kwamba anahitaji soko kwanza. Soko analihitaji, sibishi. Lakini nimekaa uwanjani kwa Mayu siku za kutosha kuona kwamba mchezo uko pale tangu zamani: kwenye gunzi linaloviringishwa mara moja zaidi ya inavyohitajika, kwenye kifuniko kidogo alichomwekea mjukuu wake kishikio chenye umbo la sikio la mbuzi. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemlipa. Tukimwendea kila mara na oda ya vyungu mia vya maua vinavyofanana, tunachomnyang'anya ni hicho.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Alisema nije na kikombe.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mbele yake kuna kitu kimefunikwa kanga. Akaivuta. Chini ya kanga kulikuwa na kanga: ndege, mtungi mdogo mwenye mgongo wa mviringo, nukta za gunzi mwili mzima, mkia mfupi ulioinuliwa wa kushikia, shingo imepinda kidogo kuelekea kushoto kama ndege aliyesikia kitu majanini. Juu ya mgongo, tundu la kujazia. Kwenye mdomo, tundu jembamba kama unyasi. Udongo wake ulikuwa na chenga nyekundu hapa na pale, na Mayu akanionyesha kwa ncha ya kidole: "Samaki wako."

Akajaza maji kwa kata. Akaushika mkia. Mimi nikashika kikombe.

"Usidhani," akasema. "Tazama."

Maji yakatoka mdomoni kwa uzi mmoja, hayakurudi nyuma kwenye shingo, hayakumwagikia mkekani, yakaingia kikombeni yakipiga sauti iliyopanda kadiri kikombe kilivyojaa. Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya udongo, ile ile ya kona ya nyumba yetu.

Tulipomketisha kanga yule kwenye mkeka, tumbo lake lilikuwa limeanza kutota, nukta zote zimeng'aa. Nikamuuliza kama anavuja.

"Anatoka jasho," Mayu alisema, akimfuta kwa pindo la kitenge. "Nitamwekea uji wa moto usiku, azibe kidogo. Njoo umchukue Jumapili."